Foleni ya Wenye Nazo: Rekodi za Mgao, Bei na Cha Juu katika Magari Adimu ya Kasi

Mwaka 1995, Ferrari ilipokuwa ikiitoa F50, watu wake wa soko walikuwa wamekadiria kwamba dunia nzima ingetoa wanunuzi 350. Kiwanda cha Maranello kikatengeneza magari 349. Lile moja lililoachwa makusudi ndilo ninaloanza nalo, maana rekodi zote zitakazofuata hapa zimezaliwa na gari ambalo lingeweza kutengenezwa na halikutengenezwa. Enzo Ferrari, aliyefariki mwaka 1988, ndiye anayetajwa kuwaachia warithi wake kanuni hiyo ya kuuza pungufu moja ya yanayotakiwa.

Magari yakipunguzwa hivyo, mwenye pesa anaacha kutafuta gari na kuanza kutafuta mgao. Kiwanda kinagawa kwa nchi, nchi inagawa kwa wauzaji walioteuliwa, muuzaji anagawa kwa wateja wake, na kila mlango una mlinzi. Bei iliyotangazwa inabaki chini sana ya ile ambayo mtu aliyeachwa nje ya foleni yuko tayari kutoa. Pengo kati ya bei hizo mbili linakaa mezani bila mwenyewe. Muuzaji akilichukua, sisi tunajua jina lake: cha juu. Mnunuzi wa kwanza akilichukua, kwa kuliuza gari kabla matairi hayajapata vumbi, Mtanzania aliyeishi miaka ya mwanzo ya 1980, sukari na sabuni zilipokuwa zikipita mlango wa nyuma, anajua jina la hilo pia: ulanguzi. Kwa zaidi ya miaka thelathini sasa kiwanda, muuzaji na mnunuzi wanagombania pengo hilo, na kila rekodi ninayoieleza hapa ilitokana na ugomvi huo.

Karatasi ya dirishani

Marekani ndiko ugomvi ulikopamba moto, na sababu yake ni ya kisheria. Sheria ya mwaka 1958, inayokumbukwa kwa jina la seneta Mike Monroney wa Oklahoma, inataka kila gari jipya libandikwe dirishani karatasi yenye bei ambayo kiwanda kinapendekeza. Kiwanda kinapendekeza tu, hakiamuru. Muuzaji ni mfanyabiashara anayejitegemea, sheria za majimbo zinamkinga dhidi ya kiwanda, na gari likiwa adimu hubandika karatasi yake kando ya ile ya kwanza na kuandika juu yake "marekebisho ya soko". Gari halijaongezwa hata skrubu. Kilichoongezwa ni tarakimu, na mteja huambiwa kwamba nyuma yake wapo wengine kumi.

Mfano ninaouona kuwa mkali kuliko yote ni Porsche 911 R ya mwaka 2016. Yalitengenezwa magari 991, yote ya gia za mkono, pedali tatu, bila bawa kubwa nyuma. Bei ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 184,900. Wa kwanza kuitwa walikuwa wale waliokwisha kununua 918 Spyder, gari lililoanzia dola 845,000, kwa hiyo tiketi ya kuingia kwenye foleni ilikuwa ghali kuliko kile kilichokuwa kinangojewa mwisho wake. Haukupita muda, yakaonekana matangazo ya kuuza 911 R kwa zaidi ya dola milioni moja, zaidi ya mara tano ya bei ya karatasi, kwa magari ambayo mengine yalikuwa hayajaendeshwa popote isipokuwa kushuka kwenye lori.

Porsche ilifanya jambo ambalo naliheshimu kuliko hila nyingine zote zilizowahi kubuniwa katika biashara hii. Septemba 2017, kwenye maonyesho ya Frankfurt, ilitoa GT3 yenye kifurushi cha Touring: injini ya lita 4, gia za mkono, hakuna bawa, na hakuna ukomo wa idadi. Aliyekuwa anataka kuendesha gari la aina ile sasa aliweza kuagiza. Bei za 911 R zikashuka. Kiwanda hakikumshtaki mtu wala kumfungia mtu. Kiliongeza bidhaa sokoni, na mlanguzi akakosa wa kumuuzia.

Muda mfupi kabla ya hapo Dodge ilikuwa imejaribu njia nyingine, kwa gari la nguvu zaidi ya ufahari, Challenger SRT Demon: magari 3,300 kwa Marekani na Kanada pamoja, bei ikianzia dola 84,995. Kampuni haikuweza kumkataza muuzaji kuweka cha juu, lakini ratiba ya kiwanda ilikuwa mikononi mwake. Oda zilizoandikwa kwa bei ya karatasi au chini yake zikatengenezwa kwanza. Zenye nyongeza zikasubiri nyuma. Mteja aliyekubali kuongeza pesa ndiye aliyechelewa kupata gari.

Maombi 6,506

Aprili na Mei 2016 Ford ilifungua dirisha la maombi kwa ajili ya GT yake mpya, iliyokuwa ikiunganishwa na kampuni ya Multimatic huko Markham, Ontario, Kanada. Bei ilikuwa dola 450,000 hivi. Nafasi za awali zilikuwa 500, na maombi yaliyokamilika yalikuwa 6,506: watu 13 kwa kila gari. Sikumbuki gari jingine ambalo wanunuzi wake walijazishwa fomu kama ya kuomba kazi. Waliulizwa wanamiliki magari gani, kama watalitumia barabarani au watalifungia stoo, na wana ushawishi kiasi gani mbele ya umma. Wengine walituma video. Matajiri waliozoea kupigiwa magoti na wauzaji walikaa miezi wakingoja barua ya kukubaliwa au kukataliwa.

Waliokubaliwa walitia saini kwamba hawataliuza gari kwa miezi 24. Mmoja wao alikuwa John Cena, mwanamieleka na mwigizaji. Alilipa dola 463,376 na senti 50, akalipokea gari mwaka 2017, na wiki chache baadaye akawa ameliuza. Ford ikampeleka mahakama ya shirikisho Michigan. Wakapatana Juni 2018; Cena akaomba radhi hadharani, na pesa za mapatano zikaenda kwenye hisani. Mwezi mmoja kabla ya mapatano hayo GT nyingine ilikuwa imepanda jukwaani kwenye mnada wa Mecum huko Indianapolis na kuondoka kwa takriban dola milioni 1.8. Safari hiyo Ford iliishtaki kampuni ya mnada yenyewe.

Katika kesi hizo moyo wangu umegawanyika. Aliyetia saini atimize, hilo sina ubishi nalo. Lakini mtu akishalipa bei yote na kukabidhiwa hati, kumwambia kwamba bado hana ruhusa ya kuuza mali yake ni kumuuzia nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima. Ingekuwa haki zaidi kumwambia tangu mwanzo kwamba anakodi.

Na hilo nalo limefanyika. Ile F50 ya magari 349 ilipofika Marekani, Ferrari haikuiuza kwa njia ya kawaida. Mteja alitoa dola 240,000 mkononi, akalipa dola 5,600 kila mwezi kwa miezi 24, kisha dola 150,000 za mwisho ili gari liwe lake. Jumla dola 524,400. Gari la kukodi haliuziki, na kiwanda kilijua kwamba homa ya F50 ingekuwa imetulia kufikia mwezi wa ishirini na nne. Porsche ilirudi kwenye dawa hiyo mwaka 2023 kwa 911 S/T, magari 1,963: wateja wa Marekani walianza kwa kukodishiwa mwaka mmoja kabla ya kumilikishwa.

Lexus nayo ilijaribu, na matokeo yake ni rekodi ya aina yake. LFA, magari 500 tu, dola 375,000, ilianza kuundwa Motomachi, Japani, mwishoni mwa 2010. Marekani ilipangwa itolewe kwa mkataba wa kukodi wa miaka miwili ili walanguzi wasiingie. Baadaye masharti yakalegezwa, muuzaji akabakiwa na haki ya kuwa wa kwanza kulinunua tena endapo mteja atataka kuliuza mapema. Foleni ya walanguzi haikutokea. Katikati ya 2017, zaidi ya miaka minne tangu uzalishaji ukome, LFA 12 zilikuwa bado zinahesabiwa Marekani kama magari mapya yasiyouzwa. Leo anayelitaka anaulizwa zaidi ya maradufu ya bei ile. Injini yake ya silinda kumi ni ileile waliyoiacha ikae dukani.

Toyota, mama yake Lexus, ililazimika kutumia kiapo kama hicho kwa gari ambalo sisi huku tunaliona kila siku kwenye misafara na mbugani. Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, wanunuzi wa Japani waliombwa watie saini kwamba hawataliuza ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu kampuni ilihofia magari yakinunuliwa pale yatasafirishwa nje na kuuzwa upya. Mwanzoni mwa 2022 Toyota ilikuwa ikiwaambia wateja wa huko kwamba huenda wakasubiri miaka minne. Toyota inauza zaidi ya magari milioni 10 kwa mwaka. Ferrari mwaka 2024 iliuza 13,752, idadi ambayo Toyota huifikisha kwa nusu siku. Ulanguzi unazifuata zote mbili.

Amana zilizogeuka majuto

Anguko kubwa kuliko yote ya foleni hizi lilikuwa la Jaguar XJ220. Oktoba 1988, kwenye maonyesho ya Birmingham, Jaguar ilionyesha gari la majaribio refu na pana, la rangi ya fedha, lenye injini ya V12 na nguvu kwenye magurudumu yote manne. Uingereza ilikuwa na pesa. Ferrari F40 ilikuwa inabadilishana mikono kwa bei zisizofanana na karatasi yake. Mwaka 1990 dereva Nigel Mansell aliiuza yake kwa takriban pauni milioni moja. Mwishoni mwa 1989 Jaguar ikatangaza kwamba italitengeneza gari lake, si zaidi ya 350, na wapatao 1,500 wakajitokeza na amana ya pauni 50,000 kila mmoja. Wengi wao hawakuwa na nia ya kushika usukani. Walitaka karatasi ya nafasi, waiuze.

Kisha mambo mawili yakatokea kwa pamoja. Wahandisi waliona kwamba V12 ni nzito na kubwa mno, na kwamba haitavuka kanuni za moshi. Wakaweka V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, na nguvu ikaenda kwenye magurudumu ya nyuma tu. Uchumi nao ukaanguka. Bei ilikuwa imefungwa kwenye mfumuko wa bei, kwa hiyo ilikuwa inapanda wakati soko la magari ya aina hiyo linashuka. Gari lenyewe, kwa yote yaliyosemwa juu yake, lilikuwa la ajabu: mwaka 1992, kwenye duara la Nardò kusini mwa Italia, lilipita kilomita 340 kwa saa, kasi iliyoliweka miongoni mwa magari ya kununuliwa dukani yenye mbio kuliko yote ya wakati huo.

Wanunuzi wakaanza kukimbia. Wapo waliosema si gari waliloahidiwa, na hapo walikuwa na hoja ya haki. Wapo walioishika hoja hiyo kwa sababu karatasi yao haikuwa na faida tena. Jaguar ikawapa nafasi ya kulipa na kuondoka kwenye mkataba. Wengine wakaenda mahakamani. Mwaka 1995 mahakama ikaamua kwa upande wa Jaguar, kwa kuwa maelezo ya gari yalikuwa wazi ndani ya mkataba. Yakatengenezwa takriban 280, na ya mwisho yanasemekana kuondoka mwaka 1997 kwa pauni 127,550 kabla ya kodi, chini ya nusu ya bei iliyotangazwa mwaka 1989.

Katika Uingereza hiyohiyo, ndani ya miaka hiyohiyo, McLaren ilikuwa inahangaika kuuza F1 kwa zaidi ya pauni 500,000. Matumaini yalikuwa magari 300. Yalitoka 106, na kati yake 64 tu yalikuwa ya kawaida ya barabarani. Hakukuwa na fomu, hakukuwa na kiapo. Ukiwa na pesa unakaribishwa. Agosti 2021 mojawapo iliuzwa Pebble Beach, California, kwa dola milioni 20.465. Mlanguzi wa mwaka 1990 alikuwa na macho makali ya kuona foleni, na gari lenyewe hakuliona.

Gereji moja Geneva

Katika fomu zote hizi, pamoja na maswali yake ya uaminifu na historia ya ununuzi, lipo swali ambalo mimi kama Mwafrika naliona kuwa la kwanza: pesa hizi zimetoka wapi? Tarehe 29 Septemba 2019, karibu na Geneva, nyumba ya mnada ya Bonhams iliuza magari 25 yaliyokuwa ya Teodoro Nguema Obiang Mangue, makamu wa rais wa Guinea ya Ikweta na mtoto wa rais. Waendesha mashtaka wa Geneva waliyakamata mwaka 2016 katika uchunguzi wa utakatishaji fedha. Februari 2019 shauri likafungwa kwa makubaliano kwamba magari yauzwe na fedha ziende kwenye miradi ya jamii ya nchi hiyo.

Angalia kilichokuwa humo. Lamborghini Veneno Roadster, moja kati ya tisa duniani: faranga za Uswisi milioni 8.28, rekodi ya Lamborghini mnadani kwa wakati huo. Koenigsegg One:1, ambazo hazikufika hata kumi: milioni 4.6. Aston Martin One-77, moja kati ya 77. Mfanyabiashara halali mwenye mabilioni hungoja miaka kuingia kwenye orodha moja ya namna hiyo. Hapa magari ya orodha tatu yalilala chini ya paa moja, yakiwa ya mtu wa serikali ya nchi ambayo mafuta yake hayajawatoa wananchi wengi kwenye umaskini. Imeandikwa sana juu ya mteja aliyenyimwa Ferrari kwa sababu aliuza ya mwaka jana. Nimetamani kuandikwe vilevile juu ya anayepewa.

Gari la ziada

Ferrari yenyewe iligundua njia ya kulichukua pengo bila lawama. Enzo ya mwaka 2002 ilitangazwa kuwa magari 399. La 400 likatengenezwa na kukabidhiwa Papa Yohane Paulo wa Pili, naye akaelekeza liuzwe kusaidia wahanga wa tsunami ya 2004. Lilipata yuro 950,000 mwaka 2005. Miaka kumi baadaye lilipata dola milioni 6.05. LaFerrari nayo zilikuwa 499. Moja ikaongezwa na kuuzwa Florida Desemba 2016 kwa dola milioni 7, fedha zikaenda kwa waliobomolewa nyumba na matetemeko ya katikati ya Italia. Halafu Agosti 2025, Monterey, ikapanda Daytona SP3 ya ziada juu ya zile 599 zilizokwisha kugawiwa kwa takriban yuro milioni 2 kila moja. Nyundo ilipotua, bei ilikuwa dola milioni 26. Gari jipya halijawahi kufika hapo mnadani. Rekodi ya kabla yake, Bugatti Chiron Profilée, ilikuwa yuro milioni 9.79 Paris mwaka 2023. Mara hizi tatu za Ferrari tofauti yote ya bei ilikwenda kwenye hisani, na kila aliyekuwa na pesa aliruhusiwa kunyanyua mkono.

Kwa magari ya zamani, kilele ni Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé ya 1955, moja kati ya mbili, iliyouzwa Mei 2022 ndani ya jumba la makumbusho la kampuni Stuttgart kwa yuro milioni 135. Mnada huo, hata hivyo, ulikuwa wa walioalikwa tu.

Miongoni mwa yanayoifuata ni Ferrari 250 GTO. Zilitengenezwa 36 kati ya 1962 na 1964, na kuipata haikutosha kuwa na zile dola 18,000: mnunuzi ilibidi akubaliwe na Enzo Ferrari mwenyewe, na wa Marekani apite pia kwa wakala wake, Luigi Chinetti. Novemba 2023 GTO iliyowahi kukimbizwa na timu ya kiwanda iliuzwa New York kwa dola milioni 51.7. Dada yake mmoja, mwenye namba ya chesisi 3589, alikuwa ametolewa mwaka 1964 kama zawadi kwa shule ya sekondari ya Victoria, Texas, wanafunzi wajifunzie ufundi wa magari. Walifungua boneti yake kwa karibu miaka minane. Mwaka 1972 shule ikatangaza kuliuza, ikapokea dola 6,500, na mnunuzi akaliacha juu ya trela shambani, mvua na theluji vikilipiga kwa miaka mingi.